Hesabu za Mama Tochi

Hebu niwaambie jambo ambalo mtaa mzima haukulijua kwa miaka mitatu. Yule mwanamke aliyekuwa akiwaonyesha watu viti kwenye sinema yao alikuwa haoni.

Ndiyo, Mama Tochi mwenyewe! Miaka ishirini na sita amesimama mlangoni mwa ukumbi, tochi mkononi: "Karibu, nifuate, taratibu, kuna ngazi hapa." Macho yalipoanza kuingia ukungu, akanyamaza. Yalipozidi, akazidi kunyamaza. Alikuwa na hesabu zake. Mkono wa kushoto unapapasa migongo ya viti vya pembeni, miguu inahesabu ngazi. Safu ya tano kiti kimechanika, ya tisa kimelegea. Mle gizani wageni wote walikuwa vipofu, mwenyeji ni yeye. Na chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi huohuo, unashika ukuta tu mpaka mlangoni.

Mtu ambaye Mama Tochi alimficha siri hiyo hasa ni binti yake, mwalimu, aliyekuja kila Jumapili akamkuta mama ameketi na nyumba imefagiliwa. Msidhani binti alikuwa mkorofi, la! Alikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomnyima mama usingizi. Maana mama yake Mama Tochi naye alipofuka, na watoto wake walimpenda kwelikweli. Wakamweka kwenye kigoda karibu na mlango. Jua likimfikia, wanamsogeza yeye na kigoda chake. Miaka kumi na moja! Mama Tochi alikuwa mmoja wa waliokuwa wakisogeza.

Basi likaja tangazo: mtaa unavunjwa, linajengwa jengo la maduka la ghorofa ishirini. Sinema ingefungwa Ijumaa, onyesho la alasiri, na siku hiyohiyo binti angekuja kumchukua akaishi kwake. Wenzake wakalia kazi. Yeye alilia hesabu zake, tena alilia kimoyomoyo.

Wiki ile ya mwisho mafundi wakawa wanakuja asubuhi kufungua viti. Walianzia nyuma, karibu na mlango, ili wapakie lori kwa urahisi. Jumatatu safu nne hazipo. Jumanne saba. Mama Tochi ananyoosha mkono kutafuta kile kilichochanika, anashika hewa. Akajikohoza, akasonga mbele kwa kubahatisha.

Jumatano, fundi saa, mteja wake wa siku nyingi, akamcheka. "Mama Tochi, leo unaniongoza na tochi iliyozima?"

Lo! Ilikuwa imezima, na hakujua imezima tangu lini. Huenda tangu jana. Huenda wiki nzima watu wamekuwa wakimtazama na kuulizana.

"Nakupima wewe kama bado una macho," akajibu. Fundi saa akaangua kicheko. Mama Tochi aliingia chooni, akajifungia mpaka picha ilipokwisha.

Ijumaa zilibaki safu tatu tu, kulekule mbele chini ya pazia la picha. Aliteremka amemshika fundi saa kiwiko, eti kwa kuagana. Picha ikaisha, watu wakatoka wakiongea kwa sauti za msibani, fundi saa naye akaaga akaenda zake. Mama Tochi akabaki ameshikilia kiti cha pembeni.

"Mama!" Binti alikuwa juu mlangoni. "Njoo basi, gari linatusubiri!"

Akakiachia kiti. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Mguu ukagonga bolti iliyosahauliwa sakafuni, akayumba, akageuka, na alipotulia hakujua tena mlango uko upande gani. Akanyoosha mikono yote miwili. Hapakuwa na kitu.

"Mama, unatafuta nini hapo?"

"Giza hili, mwanangu. Waambie wawashe taa."

Binti akasema polepole, "Mama, taa zote zinawaka."

Viatu vyake vikashuka ngazi mbiombio. Akamshika mama mabega kwa mikono miwili, akaanza kumsukuma.

"Usinisogeze!" Mama Tochi alipiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga ndani ya ukumbi ule. "Nipe kiwiko. Mimi mwenyewe nitatembea."

Wakapanda. Binti analia, anasema, "Taratibu, mama, kuna ngazi." Mama anajibu kwamba anazijua, ziko kumi na nne, na kweli alizihesabu zote bila kujikwaa. Mlangoni joto la nje likampiga usoni, pamoja na ngurumo za mitambo asizojua ziko wapi.

"Usiogope, mama yangu," binti akasema, akijifuta machozi. "Hutafanya kazi yoyote tena. Nitakuwekea kiti kizuri, karibu na mlango, upate hewa."

Mama Tochi akaushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, na binti akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja, kwa upole.