Alama za Hiari

Katika duka la kuchapisha nyaraka hapa Nduguti, nilipokuwa nasubiri zamu yangu, binti mmoja alikuwa anaomba chuo cha ng'ambo. Mama yake, muuza asali, alisimama nyuma yake.

"Chuo kinasema kutuma alama za mtihani wa kujiunga ni hiari," mwenye duka akamwambia. "Zako ziko chini kidogo. Ziache tu, hawatajua."

Binti akamgeukia mama yake.

"Mama, ile asali uliyoichuja mpaka ikang'aa, wateja walisemaje?"

"Walisema nimetia sukari. Wamezoea kuona vipande vya masega ndani yake."

"Basi kaka, ziweke. Wasipoziona, nao watashuku."

Nimefanya mitihani mingi ya lazima maishani. Huo wa hiari, sidhani kama ningeufaulu.