Soksi za Mlinzi wa Kaskazini

Mama alikuwa na watoto watatu katika miji mitatu. Kaka yangu yuko Louisville, mtaa wa Beechmont. Mdogo wangu wa kike anasoma Columbus. Mimi niko Buffalo, West Side. Alitutembelea kwa zamu mpaka magoti yakakataa mabasi ya safari ndefu, akiwa kwangu. Tukakubaliana kwamba siku ya Krismasi atatuambia atakaa kwa nani moja kwa moja. Nilitaka akae kwangu. Nimechoka kugawana, na sioni haya kusema hivyo.

Louisville sikuiogopa, wifi yangu wa huko anazidisha chumvi kwenye mboga, mama haipendi. Columbus ni chumba kimoja cha mwanafunzi. Nilijiona nimeshashinda.

Kumbe mshindani wangu alikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Pale Wachina wamefungua hekalu la Kitao, la mungu wao anayelinda upande wa kaskazini. Anayelitunza ni bibi mmoja mfupi, hakosi sweta ya kijani. Siku moja theluji ilimzidi mama njiani, bibi akamwingiza ndani, akampa chai. Tangu hapo, mimi nikienda kazini, mama anaenda hekaluni. Lugha ya pamoja hawana, ni Kiingereza cha maneno kumi tu. Lakini alikuwa akirudi anacheka peke yake, halafu mezani mimi napewa "ndiyo" na "hapana".

"Mama, sisi ni watu wa kanisa," nilimwambia. "Unafuata nini kwenye sanamu?"

"Mi siombaka pale. Nafagiaka tu, nakunywa chai. Bon, ile njo zambi?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha nyumbani, eti kufagia ni dhambi gani.

Novemba akaanza kufuma soksi nyeusi, nene, kubwa. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la vyakula vya kugandishwa, na miguu yangu ni mikubwa, mama mwenyewe huitania. Nikajifanya sioni, nisimharibie zawadi yake. Nilifurahi wiki nzima kama mtoto.

Jumamosi moja nikamfuata hekaluni, mara yangu ya kwanza kuingia. Mungu wao ameketi, mkubwa kama mtu, ana ndevu na joho jeusi, mguu mmoja juu ya kobe, mwingine juu ya nyoka. Miguuni amevaa soksi zangu. Bibi alikuwa amemshika mama begani, wanacheka mpaka machozi.

"Alikuwa miguu tupu, mtoto wangu," mama akasema. "Mlinzi wa kaskazini, na hii baridi ya Buffalo!"

Roho iliniuma. Mtu mzima mimi, naionea wivu sanamu.

Siku ya Krismasi tukakutana sote kwenye simu. Mama akakohoa kidogo. "Bon. Mi nabakia ku Buffalo."

Nilipiga kigelegele. Mdogo wangu akauliza, sauti imejaa machozi, "Kwa nini Buffalo, mama?"

Nikangoja anitaje.

"Huku njo niko na mwenzangu," mama akasema. "Nikienda, nani atamusaidia kufagia?"

Kaka akanipa hongera, nikaipokea. Kesho yake asubuhi nilimshika mama mkono kwenye barafu, polepole, mpaka mlango wa hekalu. Bibi alifungua kabla hatujagonga. Mama aliuachia mkono wangu, akaingia, hakugeuka nyuma.