Kanuni Aliyofundishwa Bwanali Peke Yake

Bwanali, mkulima wa korosho wa Makote, Newala, hakuwa mtu wa kumtilia mwenzake shaka, na rafiki yake Ashiru ndiyo kabisa hakumshuku. Wawili hao waliingia jando pamoja, wakalala chini ya paa moja la nyasi. Bwanali alikuwa amekwisha kufiwa na mama, kwa hiyo mama yake Ashiru ndiye aliyepika ugali wa muhogo uliopelekwa kambini kwa ajili yao wote wawili. Walipotoka, watu wa Makote walizoea kuwaita kwa mkupuo, kana kwamba ni jina la mtu mmoja.

Ukubwani Bwanali alibaki na mikorosho ya baba yake. Ashiru alikwenda Mtwara kufanya kazi ya upishi katika kambi ya watu wa gesi. Kazi ilipokwisha alirudi Newala, akafungua kibanda cha kutengeneza mashine za kupulizia dawa. Alirudi pia na mchezo wa karata aliojifunza kambini, poka.

Kila Jumapili mchana walikaa wanne nyuma ya kibanda, kwenye kivuli cha bati: Ashiru mwenyewe, Bwanali, seremala mmoja aitwaye Kasiani, na Alfredi wa Lupaso, dereva wa lori. Kila mtu hupewa karata mbili anazozificha. Kisha tatu hufunguliwa katikati ya meza, halafu moja, halafu moja ya mwisho, nazo ni za wote. Kila karata zinapofunguliwa, mtu anaweza kutia dau, kufuata dau la mwenzake, kulipandisha, au kutupa karata zake na kukaa pembeni. Dau lilikuwa korosho za maganda, na kila korosho ilisimama badala ya kopo moja la salfa, dawa ya unga wanayopulizia mikorosho.

Ashiru alimfundisha Bwanali mwenyewe, kwa upole, akimvuta pembeni.

"Sikiliza, ndugu yangu. Ukipata jozi mkononi, tuseme wafalme wawili, na karata zote za mezani ni ndogo kuliko hizo, wewe unaongoza. Lakini kama wote wanne bado mmo, usipandishe. Wafuate tu, kimya kimya. Ukipandisha utawatisha watakimbia, hutapata kitu."

Bwanali aliishika kanuni hiyo. Alipopata jozi kubwa alifuata tu, akanyamaza, na moyoni akafurahi kwamba ana siri. Lakini karata ya nne ikifunguliwa, au ya tano, mmoja wa wale watatu alikuwa keshapata jozi mbili au karata tano zinazofuatana. Jumapili moja alikuwa na wafalme wawili, mezani kumi, saba na tatu. Wote walibaki ndani. Ikaja saba nyingine, na Kasiani aliyekuwa na saba moja mkononi akawa na saba tatu, akakomba meza yote.

"Bahati yako mbaya," Ashiru alimwambia, akamshika bega. "Umecheza sawasawa."

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, salfa iliyobaki nyumbani haikutosha hata upande mmoja wa shamba. Ubwiriunga, ugonjwa wa maua ambao salfa huuzuia, ukaingia. Maua yakawa kama yamemwagiwa majivu, halafu yakakauka.

"Baba Furaha," mkewe Fatu alimwuliza, "ile salfa ilikuwa ya mikorosho au ya Ashiru?"

"Ashiru ananifundisha. Nikishika vizuri itarudi."

"Tangu lini unafundishwa?"

Bwanali aliamua kwenda Lupaso, upande wa Masasi, kwa shemeji yake Suleimani, kaka yake Fatu, kuomba salfa kidogo aokoe miti iliyochelewa kuchanua. Alfredi alikuwa anashuka Masasi na lori, akampakia mbele.

Walipoanza kuteremka mlima, Alfredi akiwa ameshika gia nzito, alisema, "Kuna kitu nataka kukuuliza siku nyingi. Ukiwa na jozi kubwa, kwa nini hupandishi? Unatuacha tunaingia bure na takataka zetu, halafu tunakupiga."

"Ndivyo inavyochezwa. Watu wakiwa wengi, mtu hapandishi."

"Nani kakwambia?"

"Ashiru."

Alfredi alikata kona kwanza. "Mimi Ashiru alinifundisha kinyume chake. Na Kasiani hivyo hivyo, siku moja, tumekaa benchi moja. Alisema watu wakiwa wengi ndipo upandishe, tena dau kubwa, maana kila anayebaki ana njia yake ya kukushinda. Meza ikiwa kavu, karata hazifuatani wala si za rangi moja, wafukuze mapema, abaki mmoja. Meza ikiwa saba, nane, tisa, au kopa tupu, halafu mtu mwoga ametia dau na mwingine kafuata, hapo ndipo utulie, na ikibidi utupe."

Bwanali alitazama mbele. Bondeni mapaa ya bati yalikuwa yanang'aa.

"Wewe tulikuona hupandishi tukadhani ndio uchezaji wako," Alfredi aliendelea. "Nilitaka kukwambia zamani. Ashiru akasema nikuache, hupendi kuelekezwa."

Suleimani alimpa salfa kidogo, akampa na ming'oko, viazi vya porini, ya kuwapelekea watoto. Bwanali alishukuru, lakini Suleimani alimwambia dada yake baadaye kwamba mgeni wake hakumaliza hata chai.

Alipomaliza kupulizia miti ile, Jumapili moja alikwenda kibandani kama kawaida. Akacheza kimya. Mchana ulipokuwa umesogea alipewa malkia wawili. Mezani zikafunguliwa tisa, sita na mbili, kila moja na rangi yake. Ashiru akatia dau. Kasiani akafuata. Alfredi akafuata, bila kumtazama Bwanali.

Bwanali alisukuma mbele korosho zake zote.

Kasiani alitupa karata zake mara moja. Alfredi naye akatupa. Ashiru alibaki ameshika zake, akainama karibu na sikio la rafiki yake. "Nilikwambia usipandishe watu wakiwa wengi."

"Uliniambia mimi tu," Bwanali alisema, kwa sauti ya wote kusikia. "Hawa uliwaambia vingine. Kwa nini, Ashiru?"

Ashiru alimtupia jicho Alfredi, kisha akazitazama karata zake.

"Hawa ningewafundisha vibaya wangegundua, wangeondoka," alisema. "Wewe nilijua hutaondoka."

Akatupa karata zake. Bwanali alifunua malkia wake, akazoa korosho za mezani, na jioni ile akadai makopo yake ya salfa na kuyapeleka nyumbani kwa baiskeli. Msimu wa kupulizia ulikuwa umepita. Fatu aliyapanga kwenye kona ya chumba bila kuuliza, na unga ule ukashika unyevu ukagandamana.

Hakwenda tena. Kasiani alimfuata mara moja kumwambia kwamba mchezo ni mchezo, na Ashiru anajuta. Bwanali alimkaribisha uji, akazungumza naye habari za mbao.

Mwaka uliofuata mama yake Ashiru alifariki. Bwanali alifika msibani kabla ya majirani wengi, akachukua jembe, akachimba kaburi na vijana mpaka likaisha. Baada ya maziko Ashiru alimjia mbele ya watu, akampa mkono, akaushika wake bila kuuachia.

"Ndugu yangu," alisema.

"Pole na msiba," Bwanali alimjibu. Akautoa mkono wake taratibu, akaenda kunawa udongo, akaondoka kurudi Makote kabla chakula hakijapakuliwa.