Ukuta Yetu na Matope ya Salongo

Leo chef ya avenue, mukubwa ya mutaa yetu, ameangukia matope ya jirani yangu, na sikumuinua.

Jirani ni Papa Kambale. Kila salongo, siku ya usafi ya avenue nzima, anatoaka matope ndani ya rigole yake, mufereji ya maji mbele ya nyumba. Mais hayapeleke mbali! Anayarundikaka kwa ukuta ya matofari yenye kutenga parcelle zetu.

Kwake rigole inang'aa.
Kwangu ukuta inatoka jasho hata jua ikiwaka, na mboga yangu ya lengalenga inaoza.

Nikilalamika, ananijibuka: "Mama Kavira, ile ni maji yako ya kufulia."

Donc leo, salongo ilipoisha, chef akamusifu mbele ya bantu bote. "Muangalie rigole ya huyu papa!" Akaegemea ukuta kusudi aongee muzuri.

Ukuta ikaanguka naye, moja kwa moja ndani ya ile matope.

Nilifunga kinywa na kitenge kusudi nisicheke.

Munajua Papa Kambale alisema nini? Chef angali chini, yeye ananigeukia:
"Mama Kavira, ukuta yetu imeanguka. Tutaijenga pamoja."

YETU! Wakati ilikuwa inalowana, ilikuwa yangu mimi peke yangu.

Nikamujibu: "Anza kujenga na matope yako, Papa. Iko mingi."