Mkate Usioisha

Mtaa mzima unamwita Mama Nusu, na jina hilo nililianzisha mimi, wifi yake, kwa hiyo nina haki ya kulieleza. Siku hiyo nilikuwa nimekaa jikoni kwake namtazama akipasua njiti ya kiberiti kwa wembe ili ziwe mbili. Kabla ya hapo alikuwa ameshakata kipande cha sabuni katikati na kufunga nusu ya kitunguu kwenye mfuko kwa ajili ya kesho. Nikamwambia, "Wifi, siku moja utampasua kaka yangu katikati, nusu nyingine uiweke akiba."

Mwingine angecheka, au angenitukana, maana mawifi ndivyo tulivyo. Yeye alisimama na wembe mkononi, akaifikiria habari hiyo.

"Nusu ya juu ndiyo inayokula," akasema, akaendelea na njiti zake.

Hakuwa hivyo zamani. Nilipomjua alikuwa mtu wa kununua ndizi barabarani na kuzimaliza kabla hajafika nyumbani, halafu anajipangusa mdomo mlangoni kama mwizi. Kaka yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha maboksi, na wifi ni mpiga pasi katika dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli. Hawakuwa na makuu ila walikula wakashiba, na mtoto wao wa pekee alikuwa mnene wa mashavu na hodari wa maneno. Tulimwita Chiriku. Mtoto huyo alikuwa akianza kukusimulia habari za shule unaweza kupika, ukala, ukaosha vyombo, bado hajafika mapumziko ya saa nne.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, kaka akiwa mmoja wao, na wifi akaanza kubana matumizi. Mimi sina neno na hilo, nani asiyejibana mambo yakiharibika? Nyama ikatoka, maziwa yakatoka, king'amuzi cha televisheni kikauzwa. Chai ikabaki na rangi tu. Nguo za kwenda kazini alizipiga pasi hukohuko dobini, mwisho wa zamu, wakati mashine bado ina joto, ili asiguse umeme wa nyumbani. Kwenye kantini ya kazini wenzake walipopanga foleni, yeye alijaza kikombe maji ya moto kwenye bomba la mvuke akanywa taratibu, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Wakimwuliza, anasema amekuja na shibe ya nyumbani. Jioni kaka akimwuliza mbona hali, anasema amekula kazini.

Na kaka naye vilevile! Alikuwa anapata vibarua vya kupaka rangi, anarudi ana rangi mpaka kwenye kope, anaketi, anasukuma sahani kando. "Wameleta chakula pale kazini, nimeshiba." Nani anayemletea kibarua wa rangi chakula? Nimezaliwa naye tumbo moja, najua anavyodanganya, anajikuna shingo. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba ni mwongo. Wakatabasamu wote wawili, tabasamu moja, la watu walioshikana mkono chini ya meza. Chakula kilichobaki kikafunikwa kwa ajili ya kesho yake. Chiriku aliwatazama, mara huyu mara yule, akamaliza sahani yake peke yake.

Basi, hayo yalikuwa ya shida na yana heshima yake. Lililonitia hasira ni lililofuata. Kaka alipata kazi ya kutunza ghala la vifaa vya ujenzi. Mshahara si wa kujivunia, lakini ni mshahara, unaingia kila mwezi. Nikangoja nione maziwa yakirudi. Hayakurudi.

"Wifi, na maziwa?" nikamwuliza.

"Maziwa yamefanya nini?"

"Mume wako ana kazi."

"Anayo," akasema. "Kazi zinaisha."

Nikamwambia ana mkono wa birika. Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Akanieleza kwamba wiki ileile dobini walimuaga mwenzao aliyestaafu, pakapikwa, na yeye akawekewa sahani yenye nyama. "Nilikula, wifi. Lakini ilikuwa kama natafuna karatasi. Sikusikia utamu, sikusikia hamu. Nikamaliza ili wasiseme." Nikamwuliza kama anaumwa, kama ana huzuni. "Sina huzuni," akasema. "Unajua mguu ukiukalia muda mrefu? Hauumi. Unajua tu kwamba ni wako." Alisema hivyo huku akikunja mashuka ya nyumbani pembe kwa pembe, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza saa.

Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule. Ukishona sare unaacha pindo nene chini na kwenye kiuno, maana mtoto anakua na mzazi hataki kununua nyingine. Kazi yangu ya nusu ya mwaka ni kufungua mapindo. Sasa wifi akaja na sketi ya Chiriku, akaomba niipunguze kiuno.

"Niipunguze?" nikasema. "Wifi, sare ya mtoto inaongezwa. Sijawahi kupunguza sare ya mtoto mzima wa afya."

"Anarefuka. Wakirefuka wanakonda."

"Mlete nimpime."

Akamleta. Nilizungusha utepe kiunoni mwa mtoto yule, nikauzungusha tena. Alisimama wima, mikono juu, hasemi lolote la shule wala la nyumbani. Mifupa ya kiuno ilikuwa inahesabika kwa vidole. Nikamwambia mama yake waziwazi kwamba mtoto anaisha, ampeleke hospitali. Wakaenda. Wakapima damu, minyoo, kila kitu, hawakuona ugonjwa. Daktari aliuliza kama anakula. Mama Nusu akasema anakula, na hakuwa anadanganya, kwa sababu katika nyumba ile mtoto ndiye pekee ambaye sahani yake haikupunguzwa hata siku moja. Mchana alibeba mkate shuleni. Usiku aliwekewa chakula cha kutosha. Siku hizi alikuwa akikila polepole na kuacha, lakini daktari alisema hamu itarudi. Nyumbani wakasubiri irudi. Mimi nilikuwa nalala vibaya. Wifi alikuwa analala vizuri, aliniambia mwenyewe, na alinitazama kana kwamba anategemea nimweleze kwa nini.

Ni katika siku hizo aliponiita nikaone mkate.

Lazima niseme mkate ule ulikuwaje. Kila Jumapili alinunua mkate mmoja mrefu, ule ambao haujakatwa, kwa kuwa una bei nafuu. Aliukata mwenyewe vipande vyembamba, akavipanga kwenye kopo kubwa la biskuti. Asubuhi yeye huondoka gizani kuwahi zamu, kwa hiyo Chiriku hujichukulia mwenyewe vipande vyake vya shule. Zamani mkate huo ulikata roho katikati ya wiki na siku zilizobaki mtoto alibeba viazi vya kuchemsha. Sasa, Jumamosi hii, wifi alifungua kopo akaliinamisha nione ndani. Kopo lilikuwa bado limejaa karibu nusu.

"Unaona?" akasema, na alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo tangu enzi za ndizi. "Wiki ya tatu hii. Nilikinoa kisu. Kumbe tatizo lilikuwa kisu, nilikuwa nakata vinene. Kisu kikiwa kikali, mkate hauishi."

Akafurahi hasa. Akaniambia kwa mwendo huu atanunua mkate kila baada ya wiki mbili. Na kwa furaha hiyo akachemsha chai, akapasha kipande kimoja kwenye kikaango kikavu, akaniwekea kwenye kisahani kwa mikono miwili. Mama Nusu kukupa kitu kisichokatwa katikati! Nikauma.

Kitu kigumu kikanikwama kwenye jino. Nikakitoa kwa kidole. Kilikuwa ganda la penseli iliyochongwa, lile jembamba lililojikunja, lina rangi pembeni.

"Wifi," nikasema, "huu mkate umetoka wapi?"

"Humo kwenye kopo."

"Na kabla ya kopo?"

Hakunielewa. Nikachukua kopo nikaanza kupanga vipande mezani. Cha juu kilikuwa kimekunjwa kikavunjika, kama kilichokaliwa ndani ya begi. Kingine kilikuwa na alama ya wino. Kingine kilishika vumbi la chaki kwenye ukoko. Chini kabisa ndipo palipokuwa na vile vizima, vya Jumapili. Mama Nusu alivitazama vyote. Akakichukua cha wino, akakisogeza dirishani, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha kiwe sawa na wenzake.

"Kumbe si kisu," akasema.

Basi. Mimi nilisimama pale nikitaka kumshika mabega nimtikise, na yeye akasuuza kikombe changu ambacho nilikuwa sijamaliza chai yake.

Chiriku aliingia akitoka kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi, begi mgongoni. Alitusalimu kwa adabu, mama kwanza halafu mimi. Kisha akaona meza. Uso wake ulibadilika, na nikaelewa kwamba anadhani ameharibu mali.

"Mama, samahani," akasema haraka. "Hivyo vilivyochafuka nitakula mimi."

Mama yake akavuta kigoda akaketi, wakawa uso kwa uso. "Mbona huli shuleni?"

"Nashiba."

"Unashibia nini?"

Mtoto akaangalia viatu vyake. Nikataka kuingilia, wifi akaniinulia kidole.

"Unashibia nini, mwanangu?"

"Baba ameshiba siku zote," Chiriku akasema. "Na wewe umeshiba siku zote. Mimi tu ndiye ninayemaliza chakula."

Nilitoka nje nikasimama uani kwenye kamba ya nguo. Nililia, sina haja ya kuficha. Niliporudi, Mama Nusu alikuwa bado amekaa vilevile, mikono magotini, macho makavu kabisa. Aliniuliza kama kuna upepo nje, ili aanike.

Jioni ile sikwenda kwangu. Wifi alichukua mfuko wa mchele akaumimina wote sufuriani, akapika maharage na kitunguu kizima. Jikoni palinuka vizuri mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna wageni. Kaka akaingia, akavua viatu, akaona sufuria, akaanza kujikuna shingo.

"Mimi nimekula kazini, mama. Nyie kuleni."

"Hukula," akasema mkewe.

Kaka akanitazama mimi kwanza, kana kwamba nimemponza. Kisha akaona vipande vya mkate vilivyokuwa bado vimepangwa pembeni mwa meza, na binti yake aliyekaa mbele yake. Akaketi. Mama Nusu akapakua sahani nne, zote sawasawa, akaziweka.

Hakuna aliyeanza. Mimi niligusa kijiko nikakiacha. Kaka aliinamisha kichwa. Chiriku aliweka mikono mapajani, na macho yake yalikuwa kwa mama yake, kwenye mdomo. Hakutazama chakula hata kidogo. Ndipo nilipotambua jinsi mtoto yule alivyokuwa akila miezi yote hiyo: alikuwa akisubiri kuona watu wazima wanafanya nini, halafu anapima cha kuacha.

Wifi naye aliliona hilo. Akachukua kijiko akaanza. Alikula bila haraka, kijiko baada ya kijiko, akitafuna na kumeza, na hakuna mtu mwingine aliyegusa kijiko. Alifuta sahani hadi ikang'aa. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu namna ile akiwa amekaa.

"Umeshiba?" Chiriku akauliza, sauti ndogo.

Kesho yake aliniambia kwamba hakusikia chochote. Si chumvi, si moto, si tumbo kujaa. Alisema wali ungekuwa mchanga angeumaliza vilevile. Kwa hiyo alichomjibu mtoto kilikuwa uongo, kama uongo wote wa nyumba ile, ila aliutazama uso wa binti yake muda mrefu kabla ya kuusema.

"Hapana," akasema. "Bado nina njaa."

Chiriku akamchunguza. Akamtazama na baba yake, kisha akarudi kwa mama.

"Hata mimi," akasema, akachukua kijiko.