Taa ya Kibodi Mchana wa Jua

Dada yangu wa Mbeya aliponunua kompyuta mpakato mpya, ile ya zamani alinitumia Iringa kwa basi. Aliisifia kwa jambo moja tu: vitufe vyake vina taa kwa chini, kwa hiyo umeme ukikatika nitaendelea kutunga mitihani ya wanafunzi wangu.

Jumamosi mchana, mimi na mume wangu tuliiweka kwenye meza ya dirishani tukaiwasha. Kioo kikawaka. Vitufe havikuwaka. Nikabonyeza kile chenye alama ya taa. Nikakibonyeza pamoja na kile kilichoandikwa Fn. Mume wangu akasema sibonyezi vizuri, akabonyeza yeye, kwa nguvu zaidi. Tukaizima, tukaiwasha tena. Nikampigia dada.

"Mmeiangusha?" akauliza.

"Hatujaiangusha."

"Basi ni nzima. Mmekaa wapi?"

"Nyumbani."

"Najua mko nyumbani. Sehemu gani?"

Nikamwambia dirishani, na jua limejaa mezani. Akacheka. Akaeleza kwamba mashine ile ina jicho dogo juu ya kioo. Likiona mwanga wa kutosha, linazuia taa isiwake. "Ifunikeni muone."

Mapazia yetu ni mepesi. Mume wangu akaleta blanketi la kitandani, lile zito la msimu wa baridi, tukajifunika wote wawili pamoja na kompyuta. Nikabonyeza. Herufi zikawaka, nyeupe, zote zinasomeka. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

"Hodi," ikasema sauti ambayo tayari ilikuwa sebuleni.

Alikuwa baba mkwe, ametoka Nyololo na kiroba cha viazi. Nilichomoka nywele zimesimama, nikapiga goti kumsalimu. "Kamwene, baba." Akaitikia huku akiangalia ukuta.

"Tunatengeneza kompyuta," mume wangu akasema, bado yumo ndani ya blanketi.

"Sawa," akasema baba mkwe.

Nikaona afadhali ajionee mwenyewe, nikamwomba aingie na mwanawe. Mimi nikaenda kusimama jikoni, maana kujifunika blanketi moja na mkwe nisingeweza. Nilisikia kitufe kikibonyezwa mara kadhaa.

Alipotoka, aliweka kofia yake sawa.

"Inawaka," akasema. "Ila humo ndani mna joto."

Kisha akauliza kama nimeshabandika chai.