Mpima Udongo Asiyejua Jembe

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mpima udongo. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anapima udongo, na viganja vyake ni laini kuliko vya mtoto mchanga. Mwenyewe anajivunia. "Mimi natumia hiki," husema, akijigonga kipaji cha uso kwa kalamu. Wapi! Hicho nacho nakijua, hakijabeba mzigo hata siku moja.

Nina haki ya kumsema, maana mimi ndiye mchekechaji wa maabara yake. Chumba chetu kiko nyuma ya ofisi: dirisha moja, meza ya saruji, chekeche nne, mizani na rafu ya mifuko ya karatasi. Mfuko ukiletwa naumwaga kwenye sinia, nauacha ukauke, nautwanga polepole, nauchekecha, naandika mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Miaka kumi na minane sasa. Nikiunusa tu udongo nakwambia umetoka bondeni au mwinukoni. Cheti sina. Yeye anavyo vitatu, amevitundika juu ya kiti chake ili mgeni akimtazama yeye avione na vyenyewe.

Na nyumba yake, ee Mungu wangu! Mtaalamu wa udongo, kila fundi alimkataza asijenge juu ya ule mfinyanzi mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Akawaambia hawajasoma. Leo ukuta wa sebule una ufa wa kupitisha kidole. Mdogo wangu ameutundikia kalenda, na kila mwaka anatafuta kalenda kubwa zaidi. Shemeji anakaa chini ya kalenda hiyo hiyo, mguu juu ya mguu, anatuhubiria kwamba wafugaji hawajui ardhi. Mtu mzima hovyo.

Mfugaji anayemsema ni kaka yetu mkubwa, aliyetulea baada ya baba kufariki. Kaka hajui kusoma, ila uwanda anakochungia anaujua kipande kwa kipande. Kwenye miinuko ya mchanga mwekundu analima mtama kidogo, mvua ikiwa na huruma. Miteremko ya changarawe ni ya mbuzi na kuni. Pale peupe penye magadi hapaoti kitu, lakini ng'ombe lazima wapelekwe wakalambe chumvi. Mabonde meusi anayaacha kabisa hadi mwisho wa kiangazi, kwingine kote kukiwa kipara. Na katikati kuna uwanda wenyewe, udongo wa kijivu, laini juu, lakini ukishuka shubiri moja unakuta tabaka gumu kama sakafu. Nyasi zake fupi ndizo zinazoushikilia. Ukizing'oa, upepo unaubeba udongo wote na wewe unabaki na sakafu yako. Hapo ndipo ng'ombe arobaini wa kaka wanapokula miezi minane ya mwaka. Bila hapo, kaka hana ng'ombe, na bila ng'ombe sijui angekuwa nani.

Basi wakubwa wakataka kujua kama uwanda ule unafaa kulimwa kwa trekta. Shemeji akatumwa. Kanuni inataka mashimo kumi na mawili, kila moja la kufika kiunoni, yaliyotawanywa uwanda mzima. Yaliyofanyika nilisimuliwa na dereva wake, akicheka mpaka akashika mbavu. Bwana mkubwa alishuka garini, akamwamuru dereva achimbe, jembe likadunda. Akasogea mbele, likadunda tena. Jua kali, shati limelowa, akasema, "Tutafute penye udongo wa kuchimbika." Akapapata! Palikuwa na kivuli, nyasi za kijani, udongo mweusi laini, jembe linazama lenyewe. Wakachimba mashimo matatu katika sehemu tatu za aina hiyo, wakajaza mifuko kumi na miwili, wakarudi kabla ya chakula cha mchana.

Mtoto yeyote wa mfugaji angemwambia pale ni mahali gani. Ni mahame ya mazizi. Wafugaji wakikaa mahali miaka kadhaa huhama, na zizi walilohama huacha samadi ya kufika magotini. Miaka ikipita panaota miti na nyasi nono. Uwanda wote una vipande kama hivyo, vidogo, huku kimoja na kule kingine, na mtaalamu wetu aliviona hivyo tu.

Mimi nilijua mara nilipofungua mfuko wa kwanza. Kwenye chekeche ya juu zilibaki chembe za kinyesi kikavu, manyoya ya ng'ombe, na jino la ndama. Jino! Nikaliweka kwenye kifuniko cha mkebe, nikampelekea ofisini.

"Shemeji, huu ni udongo wa zizi."

"Hapa ofisini mimi ni Mkuu."

"Haya, Mkuu. Huu ni mavi."

Hakuinua hata macho. "Kazi yako ni kuchekecha, si kutafsiri. Rutuba ipo au haipo?"

"Ipo, lakini ya pale pale zizini. Ukitoka hatua thelathini—"

"Nimeuliza ipo au haipo." Akanisukumia fomu. "Na usisahau nani alikusemea ukapata kiti hicho unachokalia. Dada yako mdogo akilala njaa kwa sababu ya mdomo wako, utamlisha wewe?"

Nikasaini. Nilijiambia wakubwa si wajinga, watatuma mtu mwingine akahakikishe. Nilijiambia mengi. Jino nikalitupa dirishani.

Hakutumwa mtu. Baada ya miezi minne matrekta yakaingia uwandani, na siku ya tatu mkurugenzi akaja kuhutubia. Ofisi nzima tukapakiwa kwenye lori kwenda kupiga makofi. Nilipofika niliona vumbi kwanza. Kipande chote cha upande wa malisho ya kaka kilikuwa kimepinduliwa, mabonge ya kijivu juu, na upepo tayari unayamega. Ng'ombe wake walisimama pembeni wakishangaa.

Shemeji alipanda jukwaani akaanza na rutuba yake. Kaka akamwacha amalize, kisha akatoka katikati ya watu na jembe mkononi.

"Shemeji," akamwambia kwa adabu kabisa, "shuka unichimbie shimo hapa mbele ya jukwaa. La kiunoni, kama kanuni yenu inavyotaka."

Watu wakaguna. Mkurugenzi akatabasamu, akasema chimba tu Mkuu, tuone. Alivyolishika lile jembe, lahaula! Alilishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Akainua, akashusha, likazama shubiri moja, kisha ngwa! Likamrudia nusura limvunje taya. Akajaribu tena. Ngwa! Watu walicheka mpaka kina mama wakakaa chini, na mimi nilicheka kuliko wote, nilicheka kwa miaka kumi na minane niliyomvumilia. Kile kipaji cha uso sasa kilikuwa kinatiririka jasho.

Lakini mkurugenzi hakucheka. Akafungua faili. "Maabara ilithibitisha," akasema. "Kuna saini ya mchekechaji. Yuko hapa?"

Kicheko kilinikauka. Mdogo wangu alikuwa ameketi mstari wa mbele na kitambaa chake kipya, akageuka akanitazama, akatikisa kichwa taratibu kuniomba ninyamaze. Nikasimama.

"Saini ni yangu. Udongo ule ulitoka kwenye mahame ya mazizi, mifuko yote kumi na miwili. Uwanda huu haulimiki."

Mkurugenzi akapunga mkono, matrekta yakazimwa. Shemeji aliniita nyoka, mchawi, mtovu wa shukrani, na mengine ambayo hata sikuyasikia, maana nilikuwa namwendea kaka. Nilidhani atanishika bega. Nilidhani, kwa kweli, atanishukuru.

Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa sehemu iliyolimwa, anajaribu kurudisha fundo la nyasi ardhini kwa mikono miwili. Halikushika.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu mfuko wa kwanza, kaka."

"Miezi minne."

"Nilimwambia shemeji. Hakusikia, unamjua alivyo, yule ni mjinga wa—"

"Ndiyo, mjinga," kaka akasema, bila kuniangalia. "Yeye hakujua. Wewe ulijua."